Siku Ambazo Mama Nyirabeza Hakuja Kazini

Mama Nyirabeza anastaafu leo, Ijumaa tarehe 30 Januari 2026, baada ya miaka kumi na sita ya kuwahudumia wazee katika nyumba hii yetu ya North Buffalo. Alianza kama msafishaji, akawa mlezi wa wazee wa ghorofa ya pili, na amemalizia chini kabisa, katika chumba cha kufulia mashuka. Anahamia Louisville kwa binti yake Isaro, anayefanya kazi kwenye ghala kule Jeffersontown, na ambaye tayari amemwandalia chumba chenye dirisha linalofunguka.

Mpaka hapo nakubaliana na ukurasa wa Kiingereza ulio upande wa pili wa programu hii ya kumuaga. Baada ya hapo hatukubaliani tena. Ofisi iliniomba niutafsiri kwa ajili yetu tunaosoma Kiswahili. Niliusoma, nikaurudia, nikaona damu inanichemka. Umeandika kwamba Mama Nyirabeza, kwa miaka yote hiyo, hakukosa kazi hata siku moja. Ni ukurasa ule ule waliomwandikia mpishi wetu Jean Bosco alipostaafu. Wamebadilisha jina tu, na hata hilo wamelifanya kwa uvivu, maana Kiingereza kina "yeye" wa kiume na "yeye" wa kike, ndugu zangu, na kuanzia mstari wa nne Mama Nyirabeza ni mwanaume.

Sitautafsiri. Naandika wangu, na wangu unaanza hivi: alikosa. Alikosa kazi kila alipokuwa na homa, kila alipokohoa kikohozi cha kifuani, na alikosa huku akijua atakachofanyiwa. Hakuna kazi aliyoifanya humu ndani iliyokuwa kubwa kuliko siku hizo ambazo hakuja.

Tulipomfahamu tulimcheka. Alitoka milima ya Minembwe, akapita kambini Burundi, akafika Buffalo theluji ikiwa magotini, na majira ya baridi ya kwanza yalimlaza kwa mafua makali mpaka akadhani amekuja Amerika kufa. Alipopona alianza kuwauliza manesi maswali, na kila alichojibiwa alikifanya kila siku bila kuchoka. Alinawa mikono kama mtu anayekwenda kukamua: sabuni mpaka juu ya vifundo, katikati ya vidole, chini ya kucha, bila haraka. Kwao mtoto mwenye mikono michafu hakaribii kiwele, na yeye aliona haya kumshika mzee mgonjwa kwa mkono ambao asingemshikia ng'ombe.

Alikuwa na kikombe chake kilichofungwa uzi mwekundu, na ole wako ukikinywea. Simu aliifuta kila alipoingia zamu. Akipiga chafya, uso ulizama kwenye kiwiko hata kama alikuwa peke yake kwenye lifti. Wazee walipokwenda kula, alifungua madirisha ya vyumba vyao kidogo ili hewa ibadilike, kisha akayafunga kabla hawajarudi, na bado walilalamika kwamba mto wa Niagara umeingia kulala kitandani mwao. Kila mwezi wa kumi alitukusanya wanawake wote kwenda kuchanjwa, na mandazi kwenye mfuko ya kumbembeleza atakayebisha mpaka mwisho. Mimi nilibisha sana. Nilisema mkono utaniuma.

"Bon, chagula," akaniambia. "Mukono iume leo, ao ulale kitandani juma mbili."

Lakini lililotuudhi zaidi lilikuwa salamu. Mnajua tunavyosalimiana. Sisi wa Bukavu tunagusanisha vichwa, huku, huku na huku tena. Wao wa milimani wanakumbatiana kwa muda mrefu, mpaka mtu amalize kuuliza habari za nyumbani, watoto na ng'ombe. Theluji ya kwanza ilipoanguka, Mama Nyirabeza aliweka mikono nyuma ya mgongo na haikuonekana tena. "Unisalimie na macho tu, mama Précieux," aliniambia mbele za watu. "Vichwa tutagusana mwezi wa tano." Tukasema ameringa, amekuwa mzungu.

Kanisani ilikuwa vituko. Mchungaji mpya, Nyarugabo, alisimama mlangoni amefungua mikono kumpokea, naye akarudi nyuma hatua moja akampa kiwiko. Mchungaji alihubiri upendo Jumapili ile nzima, na macho yake hayakuondoka kwenye benchi letu. Krismasi ilipofika kwaya yote ilikuwa imekauka sauti, na mchungaji mwenyewe alituonyesha namba za nyimbo kwa vidole. Jioni alikuta mlangoni kwake chupa ya tangawizi na asali. Aliyeileta alikuwa amekwisha kuondoka.

Hapo tumecheka. Sasa niacheni nikasirike.

Juu ya kila sinki katika nyumba hii kuna bango la mikono inayonawa, mikono mizuri, inakaribia kutabasamu. Chini ya bango, kile kichupa cha sabuni ni kitupu karibu majira yote ya baridi. Mama Nyirabeza alileta sabuni ya kipande kutoka kwake. Msimamizi akaiondoa, akasema si sabuni iliyoruhusiwa, na hiyo iliyoruhusiwa hakuileta. Karibu na mashine ya kuandikisha saa za kuingia kazini kuna bango jingine: ukiumwa, baki nyumbani. Na ukibaki, unaandikiwa pointi. Pointi zikijaa, huna kazi. Mabango na pointi vinatoka ofisi moja, mlango mmoja, na pengine kalamu moja. Mtu mwenye watoto atasikiliza kipi?

Majira ya baridi ya mwaka juzi, mwenzetu Birindwa alisikiliza pointi. Alikuwa amebakiza moja tu, mke wake ametoka kujifungua, na alikuja kazini homa inamtetemesha mpaka kijiko kinagonga sahani. Mama Nyirabeza alimkuta kwenye korido ameegemea ukuta.

"Papa Birindwa, weye unaumwa. Rudia kwako."

"Nikirudia, mama, banakamata kazi yangu. Nitafanya je?"

Alikuwa analia. Simlaumu hata chembe, na mtu asimlaumu mbele yangu. Mama Nyirabeza alipanda ofisini kumwombea apumzishwe bila pointi. Akaambiwa kanuni ni kanuni, na kwamba Birindwa ana barakoa.

Homa ile ilitembea chumba kwa chumba. Ilifika kwa Bibi Wanda, yule aliyemfundisha Mama Nyirabeza kucheza karata na kumwibia kila mchezo, huku wote wawili wakijua. Bibi Wanda alikuwa mtu wa Buffalo tangu kuzaliwa, mbishi, anayekataa uji na kudai soseji. Alikufa mkono wake ukiwa mkononi mwa Mama Nyirabeza. Ofisi ilinunua maua, ikabandika bango jipya.

Wiki ile ile homa ikamshika Mama Nyirabeza mwenyewe. Alipiga simu kabla ya zamu kusema haji. Msimamizi akamwambia avae barakoa aje, watu hawatoshi. Alitusimulia alivyomjibu: "Nilimuambia, kule juu kuko wazee. Sikuje. Andika pointi yako." Akajifungia chumbani kwake, mwanawe Kagabo akimwekea uji mlangoni, mpaka homa ilipoisha, na akaongeza siku nyingine nzima kwa ajili ya wazee.

Aliporudi hakuikuta kazi yake. Alishushwa kwenye chumba cha kufulia, kwa sababu, walisema, ghorofa ya pili inahitaji watu wa kutegemewa. Watu wa kutegemewa! Mtu aliyekataa kuwapelekea wazee ugonjwa ndiye asiyetegemewa. Wazee waliuliza yuko wapi mpaka wengine wakasahau walichokuwa wanauliza. Naye kule chini alikunja mashuka ya watu ambao hakuruhusiwa tena kuwagusa, na bado alijua foronya ipi ni ya nani. Ghorofa yake nilipewa mimi. Kila nilipomshushia nguo chafu aliniuliza kwanza kama dirisha la chumba cha kona limefunguliwa, na baada ya hapo ndipo aliponiuliza habari zangu.

Hakubadilika. Msimu uliofuata aliumwa tena, akabaki nyumbani tena, akaandikiwa tena. Ndiyo maana ukurasa ule wa Kiingereza umeniuma hivi. Walimnyang'anya wazee wake kwa kuwa alikosa, na leo wanamsifu kwa kuwa hakukosa. Huko ni kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa, tena mbele ya keki. Kama hakukosa, mrudishieni miaka yake ya ghorofa ya pili. Kama alikosa, simameni mseme alikuwa na haki ya kukosa.

Saa ya ukutani mliyomnunulia ni nzuri, atapata pa kuitundika. Lakini kama ofisi inataka kweli kumshukuru, ijaze vile vichupa vya sabuni, na ifute pointi za mtu mwenye homa. Hilo tu. Msimamizi akiuliza ukurasa huu unasema nini, msimfiche. Sandrine wa mapokezi anajua Kiingereza vizuri, amweleze neno kwa neno.

Ni Sandrine pia atakayewasomea haya kwa sauti, maana mimi siko ukumbini. Karatasi hii ilikuwa tayari juzi, isipokuwa mistari hii ya mwisho, niliyomtumia kwa simu asubuhi hii. Jana koo lilianza kuwasha, na leo nimeamka na homa. Précieux, mwanangu, ameniambia kwa Kiingereza chake niende tu, nivae barakoa, kwani anajua nimebakiza pointi moja kama Birindwa. Nilivaa viatu. Nikakaa kitandani navyo, nikawafikiria watu wa ghorofa ya pili mmoja mmoja, kisha nikavivua. Nimepiga simu kusema siji. Wameniambia Jumatatu nipitie ofisini kwanza kabla ya kupanda juu. Naogopa, nisiwadanganye. Lakini nimewaambia kama ulivyowaambia wewe: andikeni.

Mama Nyirabeza, asante kwa mikono yako safi na kwa kichwa chako kigumu. Wote tuliokucheka tunakuombea miaka mingi ya afya kule Louisville, wajukuu wasiokohoa, na usingizi usiovunjwa na zamu. Kesho Kagabo anakuendesha, na mtalala Columbus kwa rafiki yako Kostansia. Mwambie kabla ya kushika barabara kubwa apite kwetu Riverside, apunguze mwendo mbele ya nyumba. Usishuke. Nitakuwa nimesimama dirishani, mikono nyuma ya mgongo, nikusalimie kwa macho.

Laurentine Nshombo, mama Précieux
Mlezi, ghorofa ya pili