Mashina Mia Nne na Kumi na Mawili

Sogeeni, wanangu, mkae hapa kitandani, wewe binti yangu mkubwa kichwani na wewe kijana, mdogo wake, miguuni, na hiyo redio izimeni, maana pumzi niliyobaki nayo ni ya kupimiwa na sitaki kusema neno mara mbili. Nyumba ni yenu nyote wawili, msiigawe kwa ukuta. Vitabu vyangu mpeni yeyote atakayevisoma, na ile saa mbovu iacheni ibaki mbovu, imeshazoea. Hayo ndiyo mepesi. Zito ni lile shamba la mawe kule juu ya kijito, na ndilo lililonilaza hapa.

Mnadhani niliteleza. Mlinikuta nimelala ubavu kwenye matope, mkanibeba, mkamwambia daktari kwamba mzee alikwenda kuzurura mvuani akavunjika nyonga, nami nikanyamaza kwa aibu. Sikuteleza. Nilipata mshtuko, wanangu, nikaanguka kama mtu aliyeletewa habari ya msiba ghafla.

Mnajua kazi yangu ilikuwa kuhesabu mimea ya porini, na mnajua mlivyokuwa mkinitania mkiniita Bwana Tunguja. Basi ule mtunguja wa mawe ndio uliotulisha. Ni ndugu wa bilingani na mnavu, una miiba hata mgongoni mwa jani, na ua lake ni la zambarau lenye kitovu cha njano. Hautaki shamba, hautaki samadi. Unataka ufa wa jiwe la chokaa, maji yanayojipenyeza kidogo kidogo, na jua la asubuhi tu. Ukiubembeleza kwa udongo mzuri, unakufa kwa kukukomoa. Zamani ulikuwa pande zote mbili za kijito. Ng'ambo zikajengwa nyumba, ukaisha, na idara ikanituma kwenye shamba letu nikaone umebaki kiasi gani. Nilifanya kazi ile siku tisa, nikifunga uzi mwekundu kila shina nisije nikalihesabu mara mbili, nikapata mashina mia nne na kumi na mawili. Nikaandika kwa mkono wangu huu: hali yake, haumo hatarini. Mkuu wangu akanipa mkono mbele ya watu, nami nikavimba kichwa.

Mtu mmoja tu alinipinga, naye ni shangazi yenu. Wakati ule alikuwa akiendesha kitalu cha idara. Aliingia ofisini na trei tatu za udongo, akazitua mezani, juu ya karatasi zangu, akasema, "Kaka, mbegu za upande wako nimezipanda mara tatu, haijaota hata moja. Tunda lenyewe ukilipasua ni hewa tupu. Mmea wako hauna mwenzake. Mimi ninao mmoja niliouokoa ng'ambo kabla ya kujengwa, njoo tuwakutanishe." Nikacheka mbele ya makarani. Nikamwambia, "Mashina mia nne yakose mwenzake? Dada, rudi kwenye ndoo zako." Akazikusanya trei zake taratibu, akatoka, na tangu siku ile, miaka kumi na tisa, tunasalimiana misibani tu. Mmekuwa mkijiuliza tuligombania urithi gani. Hapakuwa na urithi. Ni kicheko changu.

Sasa sikilizeni nilichokiona. Mvua ile ilipobomoa ukingo nilikwenda kutazama hasara, nikakuta udongo umeporomoka wote, mizizi iko nje. Nikashika shina moja, nikafuata mzizi wake kwa vidole, ukanifikisha kwenye shina la pili, na la pili likanifikisha kwenye la tatu. Nikaanza kutambaa, mzee mzima, hatua hamsini na zaidi, na mzizi haukatiki, ni uleule, mnene kama kamba ya ng'ombe. Nikasimama niutazame ukingo mzima, na hapo ndipo nilipoanguka. Mia nne na kumi na mawili? Ni mmoja! Mmea ni mmoja tu, wanangu! Nilihesabu vidole vya mtu mmoja nikaandika kijiji kizima. Na aina ile haijizalishi yenyewe, inataka chavua ya mwenzake, kwa hiyo miaka yote hii umekuwa ukitoa maua bure, nami nikipita chini yake na kalamu sikioni, mtaalamu. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi sikusikia la mdogo wangu, nimevunjika nyonga.

Kwa hiyo shamba lile lisiuzwe, lisikodishwe, wala lisiguswe na…

Mbona mnatazamana? Mwanangu, mbona umeinama? Inua uso. Sema.

Rudia. Machimbo ya kokoto? Umewapa lini? Kwa ile karatasi niliyokuandikia unisimamie mambo yangu? Na wameanza leo? Kumbe ule mngurumo ninaousikia tangu asubuhi, nikidhani ni mashine ya kusaga ya jirani… Mungu wangu. Mungu wangu wee. Na kibali walipewaje? Usinijibu, najua. Walionyeshwa ripoti yangu, kwamba mmea ni mwingi, haumo hatarini. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Usilie, mwanangu, wewe hukujua. Aliyepaswa kujua ni mimi.

Inuka. Chukua pikipiki, kasimame mbele ya hilo tingatinga, uwaambie mwenye shamba hajafa bado na ile karatasi ameifuta, dada yako shahidi. Kimbia! Na wewe binti yangu, shika kalamu. Andika: Nilikosea. Mashina yote yale ni mmea mmoja. Makazi yake ni ukingo ule tu, hakuna pengine, nao unakaribia kutoweka kabisa. Lete nitie saini… mkono hauendi. Nishikie. Hivyo hivyo. Mfikishie mdogo wako, kisha upite kwa shangazi yako. Hata kabla ya salamu mwambie, kaka yako anasema ulisema kweli. Muombe ule mmea wake aliouokoa ng'ambo, chavua yake ipakwe kwenye maua ya kule kwa brashi, asubuhi, yeye anajua. Akikataa, mpigie magoti kwa niaba yangu, yangu hayapigiki tena.

Hapana, usikae. Najua nitabaki peke yangu. Najua pia mkirudi huenda… Usinishike mkono, mama, utanichelewesha na utawachelewesha. Na wewe bado umesimama mlangoni, kijana? Nilisema kimbia. Baraka pokeeni mkiwa njiani: Mungu awatangulie, awape watoto wa kuwabishia mnapokosea, na awape… awape masikio. Nimewasamehe. Nisameheni.

Nendeni. Mlango… uacheni wazi. Nataka kusikia hilo tingatinga… likizimwa.