Mama Bahasha: Mitufaha 412, Bila Tone la Dawa

Mama tunayemzika leo saa nane mchana alizaliwa tarehe 2 Septemba 1956, mtoto wa nne kati ya saba wa fundi saa na mshona nguo. Wengi wenu mlimwita Mama Bahasha. Alilipenda jina hilo kuliko lile la kwenye kitambulisho, kwa hiyo ndilo tutakalolitumia hapa.

Alianza shule ya msingi Januari 1964. Shule ilikuwa na darubini moja, imefungiwa kabatini ili isiharibike. Akiwa darasa la sita alimwuliza mwalimu mkuu, mbele ya wageni, "Kama haitolewi, mliinunua ya nini?" Alichapwa viboko viwili. Darubini ilitolewa wiki iliyofuata. Alimaliza kidato cha nne mwaka 1974, akasomea ufundi sanifu wa maabara kwa miaka mitatu.

Kuanzia Januari 1978 hadi Juni 1997 alifanya kazi katika maabara ya hospitali, chumba cha mwisho kushoto mwa korido, chenye dirisha moja lisilofunguka. Alikuwa na kanuni tatu. Lebo huandikwa kwa penseli, kwa kuwa wino ukiloa hufutika. Sampuli haipokelewi bila jina. Jibu hutolewa kama lilivyo, hata likimchukiza anayelipokea. Tunazitaja kwa sababu ndizo zilizomponza.

Tarehe 20 Desemba 1980 aliolewa na fundi seremala aliyeletwa kurekebisha makabati ya maabara hiyo. Baba anasema alipima mlango mmoja mara tatu ili apate sababu ya kurudi. Mama alishikilia kwamba alipima mara tatu kwa sababu hakujua kupima. Ndoa ilidumu miaka arobaini na mitatu, na ubishi huo nao ulidumu vivyo hivyo. Walijaliwa watoto watatu.

Mwaka 1989 walinunua ekari mbili za mteremko ambazo kila aliyezijua aliwaambia hazifai. Walipanda mitufaha, safu kwa safu, hadi ikafika 412. Mama aliacha kazi ya hospitali ili aiangalie, na tangu siku ya kwanza alikataa dawa na mbolea za viwandani. Dhidi ya kiwavi anayetoboa tunda alitumia karatasi. Matufaha yalipofikia ukubwa wa gololi, kila moja lilivishwa mfuko wa gazeti la zamani, likafungwa kwa uzi kwenye kikonyo. Kila msimu ilihitajika mifuko zaidi ya elfu kumi na nne, na yote ilikunjwa nyumbani, Jumapili mchana, kwenye meza aliyoitengeneza Baba. Watoto wa shuleni walipotucheka kwamba mama yetu anayapelekea matunda barua, alisema, "Basi niiteni Mama Bahasha, tumalize." Jina likabaki.

Kabla ya kukunja, ukurasa wa matangazo ya vifo ulipitiwa kwanza. Mama alikata kila tangazo kwa mkasi na kulisoma kwa sauti: jina, umri, waliobaki. Hakumjua hata mmoja. Mtoto wake mdogo aliuliza siku moja, "Mama, na huyu ni ndugu yetu?"

"Si ndugu yetu. Lakini hatuwezi kumfungia mtu funza."

Shamba lilipata cheti cha kilimo hai mwaka 2003. Kilitundikwa jikoni, juu ya sinki, mahali ambapo anayeosha vyombo hana budi kukitazama.

Asubuhi ya tarehe 3 Oktoba 2022 trekta la shamba kubwa la mboga, ng'ambo ya uzio, lilipiga dawa huku upepo ukivuma kuja kwetu. Siku ya tano majani ya safu ya kwanza, mitufaha 38, yalikuwa yamejikunja na kuungua kingo. Mama alikwenda kumwona msimamizi wa shamba hilo. Baba alifuatana naye, na maneno haya ameyathibitisha.

"Mama, sisi upepo hatujauajiri," msimamizi alisema.

"Dereva wa trekta je?"

"Dereva ana kazi zake."

"Basi mfundishe kutazama miti inainamia wapi kabla hajafungua bomba."

Msimamizi alicheka na kumtakia siku njema.

Nyumbani, Baba alishauri jambo ambalo watu wengi wenye akili wangeshauri. Matunda ya safu ile yatupwe, majani yachomwe, mdomo ufungwe.

"Nani atajua?" alimwuliza.

"Mimi. Au mimi si mtu?"

Kwa hiyo Mama Bahasha alifanya kosa ambalo mtu wa maabara pekee ndiye angelifanya. Aliamini kwamba ukipeleka sampuli safi kwa watu waliosomea kazi hiyo, ukweli utatoka wenyewe. Alichuma majani kwenye kila mti wa tano, akayatia katika mifuko minane, akaandika lebo kwa penseli. Tarehe 11 Oktoba aliyapeleka mwenyewe, kwa miguu yake, kwenye ofisi iliyompa cheti, akiomba jirani aonywe. Hakuna aliyemtuma wala aliyemkagua. Fomu aliyopewa iliuliza jina la shamba ambako majani yametoka. Haikuwa na nafasi ya kuuliza dawa imetoka wapi. Alijaza jina lake. Maelezo kuhusu trekta aliyaandika kwenye karatasi ya pili, ikabanwa nyuma ya ile ya kwanza.

Majibu yalikuwa sahihi: dawa ilikuwamo. Tarehe 21 Novemba cheti kilifutwa. Siku hiyohiyo, kwenye ubao wa matangazo wa ofisi, ghorofa ya pili, ilibandikwa karatasi yenye kichwa "Wakulima Waliobainika Kutumia Dawa Zilizokatazwa." Mama alikuwa wa tatu kati ya wanne. Jirani hakuonywa kwa barua wala kwa simu. Jirani hana cheti, kwa hiyo, tulielezwa, hayumo katika mamlaka ya ofisi hiyo.

Alikwenda pale mara kumi na moja. Tarehe zote zimo katika daftari lake. Safari ya pili, afisa alimwambia, "Mama, mfumo unasoma sampuli, hausomi maelezo." Safari ya nne, karani wa mapokezi alimwona mlangoni akauliza mwenzake kwa sauti ya kusikika, "Leo kaleta na sampuli ya mume?" Safari ya saba, karatasi ya pili, ile ya trekta, haikupatikana kwenye jalada. Aliandika nyingine papo hapo, amesimama, kwa penseli. Akaambiwa penseli haipokelewi.

Kuna mama mmoja wa kijijini aliyemwambia kwa nia njema, "Shoga, matufaha si yanauzika tu sokoni? Cheti hukili."

"Sijafuata cheti tena," alijibu. "Nafuata jina langu. Limeandikwa pale pamoja na jambo nisilolifanya."

Msimu uliofuata tulikunja mifuko kama kawaida. Wengine wetu tuliona ni kazi bure, kwa kuwa matunda yangeuzwa kama tunda lolote. Mama alituambia kwamba funza hasomi ubao wa matangazo.

Miguu yake ilianza kuvimba Machi 2023. Daktari alisema moyo umetanuka, na tunamwamini. Hatusemi hapa kwamba dawa ya jirani ilimwua, wala kwamba ofisi ilimwua. Mama asingekubali tuandike tusichokipima. Tunachosema ni kilichoonekana. Alhamisi tarehe 16 Mei 2024, mwanamke mwenye miaka sitini na saba na moyo mgonjwa alipanda ngazi hadi ghorofa ya pili kwa mara ya kumi na moja, akapumzika mara mbili kwa kuketi kwenye ngazi, watu wakimpita. Aliambiwa arudi wiki ijayo. Karatasi ilikuwa bado ubaoni, imekuwa ya manjano.

Alilazwa tarehe 28 Mei. Muuguzi alipomtoa damu, Mama alitaka kuiona lebo. "Ya kalamu," alisema. "Haya, ila ikiloa msije mkanipa ugonjwa wa mtu mwingine." Huo ulikuwa mzaha wake wa mwisho tunaoweza kuuthibitisha. Alifariki Jumanne tarehe 11 Juni, saa kumi na moja na dakika kumi alfajiri, Baba akiwa kitini kando yake.

Alhamisi tangazo la kifo chake lilitoka gazetini. Baba alilikata kwa mkasi uleule, akalisoma kwa sauti mezani, jina, umri na waliobaki, kisha gazeti lililosalia akaliweka kwenye rundo la mifuko.

Jana Ijumaa, kifunguamimba wake alikwenda ofisini kuomba jambo moja: jina la Mama liondolewe ubaoni kabla hajazikwa. Afisa alisikiliza kwa adabu. Alieleza kwamba ombi linawezekana, ila utaratibu unamtaka mwenye shamba aje mwenyewe kutia saini.

Ameacha mume, watoto watatu, wakwe wawili, wajukuu watano, dada mmoja, na mitufaha 412. Ile 38 ya kwenye uzio ilitoa majani mapya, na hakuna aliyeing'oa.

Mwenye shamba hatakuja kutia saini. Jumatatu saa mbili asubuhi tutakwenda sisi, wote tuliotajwa hapo juu tunaoweza kupanda ngazi, na anayependa kufuatana nasi aje. Tutabeba karatasi hii mliyoishika. Kwa kuwa kule neno hili halijaandikwa, liandikwe hapa na lisomwe kwa sauti: Mama Bahasha hakupiga dawa. Yeye mwenyewe ndiye aliyewapelekea majani.

Mama, kazi ya ngazi tuachie sisi. Pumzika kwa amani.