Machogu Amerudi Bila Ford

Kule Daraja Mbili mjini Kisii, mahali malori ya ndizi yalipokuwa yakipakia, Mong'ina alikuwa na ubao mrefu alioulaza juu ya rimu mbili za lori, birika kubwa la kahawa, na sufuria ya uji kwa ajili ya Wasabato wasiokunywa kahawa. Ubao ule haukukaa mtupu. Asubuhi hiyo ya Agosti, mwaka wa sabini na mbili, walikuwa wameketi Nyangau, aliyeitwa Redio kwa sababu habari zote zilipitia kwake, hata zile ambazo hazijatokea. Na Obadiah, aliyeitwa Hakimu kwa kuwa aliwahi kuwa tarishi wa koti, kule mahakamani, na tangu hapo hakuacha kutoa hukumu. Basi la Nairobi likasimama. Akashuka Machogu wa Manga, koti limejaa vumbi, mkononi ameshika hendeli ya kuwashia gari. Hendeli tu. Gari lenyewe, Ford boksibodi yenye bodi ya mbao, ya mwaka wa thelathini na nane, ile aliyoinunua kwa mzungu wa Sotik aliyekuwa akihama, halikuonekana.

Machogu alikuwa ameomba Mungu apite bila kuonwa. Lakini nani alipita Daraja Mbili bila Redio kumwona?

— Omogaka, mzee wetu, karibu! Ulienda Mombasa na gari, umerudi na mkia wake?

— Keti kwanza, baba, Mong'ina akamwambia, akimmiminia kahawa.

Machogu akaketi. Uchovu wa safari aliuzoea; kilichomlemea ni Drusilla, mke wake. Siku redio ilipotangaza kwamba wenye magari ya zamani na wenye magari ya kulala watakutana pwani, Drusilla alikataa kabisa kwenda naye. Alisema, “Hiyo gari inabeba ndizi zetu. Huko baharini itabeba nini?” Sasa Machogu alikuwa akitafuta maneno ya kumjibu, na tangu Nairobi hadi hapa hakuwa amepata hata moja. Akawaacha wenzake waseme.

— Mimi nilijua, Redio akaanza. Bahari si kama ziwa letu. Ziwa linakaa pale pale. Bahari inatoka inafuata mtu. Imeona Ford, imeipenda, imeibeba.

— Yaya, hapana, Hakimu akapinga, akipuliza uji wake. Gari kama ile serikali haiwezi kuiacha izunguke ovyo. Imewekwa ndani ya nyumba ya makumbusho. Imefunikwa kitambaa, inalindwa na askari wawili.

— Wawili wa nini?

— Mmoja wa mbele, mmoja wa nyuma.

— Wacha hiyo! Redio akasogea mbele. Hao watu wa magari ya kulala, si mnajua? Gari iko na kitanda, iko na pazia, iko na jiko. Mmoja ameona Ford, akalia machozi, akasema, Kisii, chukua nyumba yangu, nipe hiyo gari. Nyumba inakuja kwa treni mpaka Kisumu!

— Jiko ndani ya gari? Hakimu akauliza. Na mke akipika, bwana anakaa wapi?

— Anaendesha.

Mong'ina akacheka hadi kahawa ikamwagika.

— Ni kweli, Machogu akasema. Jiko iko. Mimi mwenyewe nimekaa karibu na sufuria kama mtoto, nimekula, na sikuona haya.

Wote wakamgeukia. Machogu akaweka kikombe chini.

— Mngeona yale magari, akasema, na uso wake ukabadilika. Yamepangwa mchangani mstari mmoja mpaka macho yanachoka. Morris, Austin, Chevrolet yenye taa kubwa kama sufuria za harusi. Kila mtu na kitambaa chake, anapangusa, anaongea na gari yake polepole. Nilidhani watanicheka. Ford yangu ilikuwa na udongo wa Manga chini mpaka juu.

— Walicheka?

— Walikuja kuipapasa mbao. Wakaniomba niiwashe. Nikaingiza hendeli, nikazungusha mara moja tu, ikaitika. Mzee mmoja mzungu akavua kofia.

— Akakuvulia kofia wewe? Hakimu akauliza.

— Aliivulia gari.

— Hata hivyo, bwana. Hata hivyo!

Machogu akawaeleza habari za jirani yake pale mchangani, Mhindi mzee, fundi cherehani kutoka Nakuru. Yeye na mkewe waliuza nyumba watoto walipohamia ng'ambo, wakanunua kombi, wakaweka kitanda, jiko na cherehani. Kila walichokuwa nacho duniani kilikuwa mle ndani. Mama huyo alipoona Machogu anakula mkate mkavu, alimwita, akampa chapati na dengu, na tangu siku hiyo hakumruhusu ale peke yake.

Siku ya mwisho, mzee alitaka mkewe apunge upepo karibu na maji. Akateremsha kombi hadi kwenye mchanga mbichi. Magurudumu yakazama. Wakasukuma, yakazidi kuzama. Kisha wenyeji wakapiga kelele kwamba maji yanajaa.

— Si nilisema inafuata mtu? Redio akanong'ona, lakini safari hii hakutabasamu.

— Maji yakafika kwenye rimu. Wenye magari walisimama juu wakitazama. Siwalaumu. Chumvi inakula chuma, na mtu amepangusa gari yake miaka na miaka. Lakini yule mama alikuwa ameketi ndani, amekumbatia cherehani, amekataa kushuka. Nikaona, ah. Nikarudisha Ford nyuma mpaka majini, tukafunga kamba. Nikavuta. Ilinguruma, ndugu zangu, kama siku nilipoinunua. Kombi ikatoka. Ikatoka yote! Halafu chini yangu nikasikia pa! Ekseli imevunjika.

Lori la ndizi likapita, vumbi likatua kwenye vikombe, hakuna aliyefunika chake.

— Watu wote wakashuka wakaisukuma kwa mikono, Machogu akaendelea. Hata yule mzee wa kofia, na viatu vyake vizuri. Sasa imekaa chini ya minazi, na wale wazee wameegesha kombi kando yake. Wamesema hawataondoka mpaka nirudi. Wamefunga kamba ya nguo kutoka kwenye kombi hadi kwenye Ford.

Hakimu akavuta pumzi, akaweka bakuli chini.

— Koti inasema, hiyo gari imefanya kazi.

— Mbuya mono, Redio akaitikia. Vizuri sana.

Machogu akainua kichwa, na hapo akamwona Drusilla. Alikuwa amesimama nyuma ya Mong'ina na kikapu kichwani. Sijui alikuwa amefika saa ngapi, lakini macho yake yalisema amesikia ya kutosha. Machogu akasimama. Maneno aliyoyatafuta njia nzima hayakuwa yamefika bado.

— Mama Ongeri, akamwita mkewe...

— Huyo mama aliyekumbatia cherehani, Drusilla akamkata, anaitwa nani?

Machogu akaigeuzageuza hendeli mkononi.

— Nilimwita Mama tu. Naye aliniita Kisii.

— Umekula chakula chake siku hizo zote. Umevunja gari kwa ajili yake. Na jina hukuuliza?

Machogu akamtazama Redio. Redio, aliyejua mpaka habari za treni ya Kisumu, akatazama viatu vyake. Hakimu akalichukua tena bakuli lake, ingawa halikuwa na kitu. Mong'ina naye akajifanya anapanga vikombe.

Drusilla akatua kikapu, akaketi kwenye ubao ule wa wanaume, akapangusa vumbi kwenye bega la koti la mumewe.

— Basi tutamuuliza mwenyewe, akasema, tukienda kuichukua.

Machogu aliisikia ile “tu” ya “tukienda”, akaketi polepole kando yake.