Nilimuomba Munganga Damu Yake

Bamama, leo sitajificha. Benye tulikaa pamoja mu kambi ya bafanyakazi, mujini Élisabethville, munajua: miye nilikuwa wa kwanza kusema munganga muzungu iko mutumbula. Musicheke, hata ninyi mulisema.

Kila juma alikuja kutoboa batoto bidole. Anaweka damu pa kipande cha kioo, anafunga sanduku, anaenda. Kiswahili yake ilikuwa "Leta kidole" na "Meza," basi. Damu inaenda wapi, inaonyesha nini? Hakutuambia. Sasa shiye tukajijibu: hawa batumbula banakamata bantu, banabanenepesha sawa nguruwe, halafu banabakula. Na kinini, ile dawa kali, njo ya kunenepesha.

Mutoto wangu wa kike, myaka ine, akashikwa na homa. Bakanipa kinini. Ndugu zangu, nasikia haya: kila asubuhi nilitupa kinini mu choo, mutoto nikamupa maji matupu. Kisha nilimupima mukono kwa bidole byangu, nione kama ananenepa. Alikuwa anakonda. Siku ya tano hakunitambua. Nikajiuliza: kama dawa yao hamezi, nini sasa inamumaliza?

Nikamubeba mugongoni, nikafuata ile sanduku mupaka kwa laboratware, nyumba ya kupimia damu. Infirmier, musaidizi wa munganga, muntu wa kwetu Mitwaba, alitaka kunifukuza. Nikamuomba atafsiri tu:

"Damu ya mutoto wangu inaonyesha nini? Na ya munganga mwenyewe?"

Aliogopa kupoteza kazi, lakini alitafsiri. Munganga alikunja uso. Kisha akatoboa kidole cha mutoto, halafu chake mwenyewe, mbele yangu, bamama! Akatia bioo biwili rangi, tukangoja bikauke, nikachungulia mu mikroskopi. Damu yake: biduara tupu. Ya mutoto: biduara vilevile, lakini ndani ya bingine, bipete bidogo bya buluu.

"Bile bipete njo homa," infirmier alisema. "Kinini inabiua."

Nikauliza sababu gani hawakutuambia. Munganga akajibu, "Hakuna muntu aliuliza."

Nililia, nikakubali kosa. Mutoto alimeza kinini palepale, na siku zilizofuata. Akapona.

Asante kwa infirmier yule. Asante kwa munganga: juma lililofuata alileta mikroskopi mu kambi, tukapanga mulolongo kuchungulia. Mwenye kujua aseme, asingoje kuulizwa. Na shiye tuulize, hata kama tunaogopa.

Iko mama mumoja hapa anaficha kinini mu kitambaa. Simutaji. Mama, kesho asubuhi nitapita kwako, twende tukaulize pamoja.