Bi Odessa Tillery Anauachia Mlango

Ijumaa, tarehe 30 Mei 2025, Bi Odessa Tillery anastaafu baada ya kuwasindikiza akina mama wa mji wetu wa Macon hospitalini kujifungua kwa miaka ishirini na sita. Katika miaka yote hiyo hajawahi kumwona mtoto hata mmoja akizaliwa.

Si kwamba alichelewa. Bi Odessa ametoka kwa wahudumu wa mlangoni wa kanisa letu la Mount Nebo, wale wa gauni jeupe na glavu nyeupe, na mhudumu wa mlangoni hutazama mlango. Mahubiri anayasikia kisogoni. Macho yake yako kwa anayeingia na anayetoroka kabla ya sadaka. Tena haondoki hadi mwenzake aje, amguse bega, aupokee mlango. Kikundi chetu cha wasindikizaji kilianza baada ya kuwazika mama wawili wa mtaani, weusi kama sisi, waliosema wanaumwa wakaambiwa wanadeka. Tukatafuta watu wa kusimama na wazazi wodini. Wengine walikwenda kozi. Bi Odessa alipiga pasi gauni.

Basi akasimama chumba hadi chumba, mgongo kwa mzazi, mkono mmoja nyuma, macho mlangoni. Ndugu wenye kelele aliwaonyesha viti kwa kidole. Madaktari pia. Mmoja, mgeni, alionyeshwa kiti akakaa kwa adabu, na ilimchukua muda kukumbuka kwamba yeye ndiye aliyeitwa kuzalisha.

Kosa lake kubwa lilikuwa mapepeo. Kanisani kwetu mapepeo ya karatasi ngumu hutolewa na wenye nyumba za mazishi, wale wanaotayarisha na kuzika maiti, na nyuma kuna picha ya mwenyewe akitabasamu, na namba ya simu. Bi Odessa alibeba boksi zima hadi wodi ya wazazi. Uongozi wa hospitali ulilalamika. Aliomba radhi kwa moyo mweupe, akaleta ya nyumba nyingine ya mazishi.

Halafu, mwaka 2011, akaja Lakendra Pettway. Alikuwa amejifungua wiki ileile, kichwa kinapasuka, uso umevimba.

"Ni uchovu tu, mama. Nenda kalale," daktari alisema, akageuka aondoke. Mlangoni kulikuwa na gauni jeupe.

"Hutoki, mwanangu. Hakuna aliyekupokea zamu."

"Bibi, nina wagonjwa wengine!"

"Na huyu ni nani, mgeni wa harusi? Unatoka jasho. Shika, jipepee."

Daktari akajipepea. Kisha akaiona picha.

"Ukimruhusu aende, huyo ndiye atakayempokea," Bi Odessa akamwambia. "Ni binamu yangu. Hana haraka, ila kazi haikosi."

Daktari alilitazama pepeo, akamtazama Lakendra, akamwita muuguzi aje apime presha. Muuguzi alipima, akapima tena, akatoka mbio, na yeye hakuzuiwa. Kifafa cha uzazi kilimkuta Lakendra kitandani, dripu mkononi, badala ya kumkuta jikoni peke yake na kichanga. Alipona. Namfahamu vizuri, maana ni mimi.

Siku hizi katika wodi ile mama akitaja kichwa, presha hupimwa kabla ya maneno. Hilo ni la Bi Odessa, ingawa yeye husema alikuwa amesimama tu.

Tumemuaga mara tatu sasa, kwa keki ya nazi na kwaya, na kila mara, Jumatatu iliyofuata, tumemkuta kazini. Hakuna aliyemgusa bega, anasema.

Bi Odessa, ahsante. Nakupenda, na nimeogopa sana kuandika haya. Ijumaa nitakugusa bega mimi. Gauni nimeshalipiga pasi. Glavu zinanibana kidogo. Watoto wako wa wodini, waliozaliwa ukitazama mlango, watakuwa wamekaa nyuma yako, wengine wameota ndevu, na Jamari wangu yumo. Tunakutakia mapumziko marefu yenye miguu isiyouma.

Mlango nimeupokea. Sasa geuka, uwaone.