Bi. Kemilembe na Nyigu wa Ngenge

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Bi. Renatha Kemilembe anastaafu baada ya kuitumikia ofisi yetu ya misitu, Bukoba, kwa miaka thelathini na mmoja.

Wageni walidhani chumba chake ni stoo. Humo alifuga nyigu wadogo kuliko sisimizi, wasiouma mtu. Nyigu hao hutaga ndani ya mayai ya mbawakawa wanaokula majani ya mikaratusi, na mayai hayo hayatoi tena mbawakawa. Msimu wa senene, sisi tukikaanga wadudu hao, yeye alikuwa akiwadondoshea wake asali. Tulimtania, naye alicheka kutuzidi.

Alipowaachia nyigu hao Ngenge, wilayani Muleba, mikaratusi iliyokuwa imebaki vijiti ilichipua. Lakini nyigu hufanya kazi polepole. Msimu uliofuata wakulima waliona mbawakawa bado wapo, wakaomba dawa. Wakubwa walimwachia Bi. Kemilembe aamue. Alijua dawa haichagui mdudu, ila alidhani nyigu wa kutosha wangesalia. Akakubali. Tukapuliza. Mbawakawa walianguka hadi tukawakanyaga njiani, na watu wakatushangilia.

Mvua ziliporudi, mbawakawa wengine waliingia kutoka mashamba ya jirani. Safari hii hapakuwa na nyigu wa kuwazuia. Kila chipukizi lililotoka lililiwa papo hapo, mpaka miti ikakauka.

Tulimshauri asirudi Ngenge. Alikwenda, nami nikamwendesha, hadi kwa Avit Rwekaza, aliyepanda mikaratusi yake mwaka aliofiwa na mkewe, ili wanawe waje kujengea.

“Waitu mama,” Avit alisema kwa heshima ya Kihaya, “mliniambia nisubiri, nikasubiri. Mkaja kupuliza, nikawachotea maji. Leo mmekuja na lipi?”

“Nimekuja kukuambia nilikosea,” Bi. Kemilembe alijibu. “Nyigu waliokuwa wanailinda miti yako tuliwaua sisi, kwa uamuzi wangu.”

Avit alichukua shoka. “Basi nisaidieni kuangusha hii iliyokufa, isije ikawaangukia watoto.”

Tuliangusha mpaka jioni. Hakutukaribisha ndani, na kwa Wahaya hilo si jambo dogo. 

Tangu hapo alianza kila mkutano na wakulima kwa kulieleza kosa hilo, bila kumtaja mtu mwingine. Wakulima wa Kaagya walimsikiliza, wakaacha dawa, wakawasubiri nyigu, na mikaratusi yao ina majani hadi leo. Huko Ngenge alirudisha nyigu mara kadhaa, lakini miti iliyobaki ilikuwa michache mno. Avit sasa analima mihogo.

Mrithi wa Bi. Kemilembe hajapatikana. Chumba cha nyigu kitafungwa, na wiki iliyopita aliwapeleka wa mwisho Kaagya kwa mkono wake mwenyewe.

Bi. Kemilembe, asante kwa kazi yako, na asante zaidi kwa kutuonyesha namna ya kumrudia mtu tuliyemuumiza. Tunakuombea afya, na usingizi ambao Ngenge ilikunyima.