Eksozi ya Pikapu ya Ndizi

Kwenye gari la Kirua, kiti cha mbele yangu, kijana alipakata eksozi mpya ya pikapu. Mama aliyekaa naye akauliza kama inapunguza kelele.

"Inaongeza, mama. Hii ya kimya niliyofunga inaniua. Akina mama walikuwa wakisikia muungurumo, wananitolea ndizi barabarani nizinunue. Sasa napita kama mwizi, nafika Moshi gari tupu."

"Kumbe ni wewe! Jumuiya tunasali rozari alfajiri, ulikuwa ukipita tunapoteza hesabu, tunaanza upya. Si upige honi?"

"Honi kila bodaboda anapiga, mama. Nani atajitwisha mkungu kwa honi? Nyie salini kwa sauti."

"Mungu si kiziwi, mwanangu!"

Kelele zao zilitosha eksozi mbili. Mama akanigeukia nimuunge mkono, maana tunasali jumuiya moja. Nikatazama dirishani. Gari liliposimama njiapanda, walikuwa bado wanabishana. Nikashuka. Nyumbani mikungu yangu miwili ya kuuza ilikuwa imeivia jikoni, nikisubiri kusikia muungurumo wa pikapu yake.